Dirisha la Kusini

Ndani ya kasha la mninga lililo chini ya kitanda changu, pamoja na hati ya shamba na vyeti vya ubatizo vya watoto, imo picha moja ya kale ambayo kila aitazamaye hukiri kwamba shati ni langu, tena shati zuri, jeupe, lililopigwa pasi hata mikunjo ya mikono yake ikasimama kama makali ya kisu. Lakini juu ya ukosi wa shati hilo, mahali ambapo desturi humtaka mtu awe na uso, pana doa la kiza lenye macho mawili na meno machache. Nilipigwa picha hiyo katika ujana wangu, katika studio ya mji mmoja ambao sina haja ya kuutaja, na mpiga picha aliponikabidhi bahasha alinieleza, kwa upole wa tabibu aletaye habari nzito, kwamba kosa halikuwa lake wala la kamera, bali la ngozi yangu, ambayo kwa maneno yake ilikuwa "imekula mwanga". Nililipa, nikaamini, nikaishi na imani hiyo miaka mingi. Na kila nilipopigwa picha baadaye nilivaa kofia, kwa kuwa mtu ambaye uso wake hauonekani yafaa angalau atambulikane kwa kofia yake.

Imani hiyo ilivunjwa na simu ya dada yangu. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka minne, anakaa Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na siku hizi nuru ya macho yake inapungua mwezi hata mwezi. "Mdogo wangu," aliniambia, "nakuomba picha moja tu yenye uso. Hizi unazonitumia ni kofia imekaa juu ya shingo." Ningeweza kushuka mjini Songea, ambako wapiga picha hodari wapo na taa zao na miavuli yao, nikaketi mbele ya pazia lao la buluu, yakaisha, lakini baada ya kuambiwa kwamba ngozi yangu ni mwizi wa mwanga, nilitamani kuisikiliza kesi hiyo mwenyewe, nyumbani kwangu, kwa vyombo vya nyumbani kwangu, nikiwa mshitakiwa na kadhi kwa pamoja. Sura hii ni habari ya kesi hiyo.

Msomaji asidhani kwamba kujipiga picha ni mchezo uliozuliwa na vijana wa simu za mkononi. Mwaka 1839, mwaka ule ule ambao huko Paris ilitangazwa njia ya Daguerre ya kunasa taswira juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, kijana mmoja wa Philadelphia, Marekani, aitwaye Robert Cornelius, aliisimamisha kamera yake nje, nyuma ya duka la familia yake, akafungua lenzi, akaenda kusimama mbele yake, akatulia kimya akingoja bamba lishibe nuru. Taswira hiyo ingalipo hata leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani: nywele zimetimka, mikono imekunjwa kifuani, mwili umesogea upande kama wa mtu asiye na hakika kwamba lenzi inamwona. Linalonichekesha, na kunifundisha pia, ni kwamba duka lile lilikuwa la taa. Familia ya Cornelius iliishi kwa kutengeneza taa, naye mwenyewe baada ya miaka michache aliuacha upigaji picha akairudia biashara hiyo. Na hata hivyo, siku alipohitaji nuru ya kuuandika uso wake, taa zote aliziacha dukani akatoka kwenda kulikabili jua.

Na kama Philadelphia ni mbali, tuje Bangui. Samuel Fosso, mzaliwa wa Kameruni aliyelelewa Nigeria na kunusurika vita vya Biafra, alifungua studio yake mjini humo mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13 tu. Mchana aliwapiga wateja. Jioni, filamu ilipobakiwa na nafasi mbili tatu zisizo na mteja, alizimaliza kwa kujipiga mwenyewe, ili filamu isipotee bure na ili apate picha za kumpelekea bibi yake aliyebaki Nigeria. Picha zile za mabaki ndizo zilizomletea jina duniani, wala sidhani kwamba yule bibi aliyangoja majumba ya sanaa yampe idhini ya kuzipenda. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka dada yangu, nikaona kwamba nia yangu haikuwa ya kipuuzi.

Siku ya kwanza nilifanya kama vitabu vilivyoniamuru. Vitabu vya elimu hii, ambavyo karibu vyote vimeandikwa Ulaya na Marekani, humwagiza kwa sauti moja mtu asiye na taa za studio kwamba atafute dirisha linalotazama kaskazini, nao huleta ushahidi wa wachoraji wakubwa, akiwamo Rembrandt, ambaye katika nyumba aliyoinunua Amsterdam mwaka 1639 chumba chake cha kuchorea kilipokea nuru ya kaskazini, na ambaye alijichora mwenyewe mara nyingi mno, tangu ujana hata uzee, kwa nuru itokayo upande mmoja. Nami nikakiweka kiti mbele ya dirisha langu la kaskazini, mwezi wa Juni, adhuhuri, nikakaa kwa adabu. Jua likaingia zima zima kama mgeni asiyebisha hodi, likanifumbisha macho, likakichora kivuli cha pua hata chini ya mdomo, na paji la uso likametameta kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Picha ilipotoka, nilifanana na mtu anayehojiwa na askari.

Nilihitaji siku mbili kulitambua kosa, ingawa mtoto wa shule aliyesoma jiografia angelitambua kwa dakika mbili. Vitabu vile viliandikwa na watu ambao jua lao la mchana hupita kusini mwaka mzima. Kwao dirisha la kaskazini ni dirisha ambalo jua hulipa kisogo, na linalopita hapo ni nuru ya anga peke yake, iliyo tulivu, isiyogeuka upesi. Songea ipo kusini mwa ikweta kwa nyuzi 10 na zaidi ya nusu. Jua la adhuhuri hutusimamia utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Februari na karibu na tarehe 22 Oktoba, na katika kipindi chote kilicho baina ya siku hizo, kuanzia masika, kupita baridi ya Juni na Julai, hata vumbi la Septemba, hutupitia upande wa kaskazini. Tena mwezi Juni huteremka nyuzi 34 kutoka utosini. Na kuanzia mlingano wa usiku na mchana wa mwezi Machi hata ule wa Septemba huchomoza kaskazini ya mashariki kamili na kutua kaskazini ya magharibi kamili, maana yake ni kwamba kwa nusu nzima ya mwaka dirisha linalotazama kusini haliguswi na mwonzi hata mmoja wa jua, tangu alfajiri hata magharibi. Basi mtu wa Songea akutanapo na neno "kaskazini" katika kitabu cha namna hiyo na alisome "kusini", na neno "kusini" alisome "kaskazini", kama asomaye maandishi katika kioo. Tangu Novemba hata Januari hesabu hugeuka, lakini miezi hiyo ina mvua na mawingu, na mawingu, kama nitakavyoeleza, husamehe makosa mengi ya madirisha.

Dirisha langu la kusini ni la chumba cha kuhifadhia mahindi. Mke wangu alinitazama nikivihamisha viroba, akaniuliza kama mahindi nayo yanakwenda Mbamba Bay, nikamwambia kwamba chumba kinageuzwa studio kwa muda, naye akasema studio hiyo na ilipe kodi. Hivyo ndivyo nilivyopata mahali.

Lakini yafaa nieleze kwa nini nuru ya jua lenyewe ilinifanyia uadui na nuru ya anga ikanifanyia ihsani. Aliyepata kulala mchana chini ya bati la zamani amepata kuziona duara ndogo za nuru zilizotawanyika sakafuni, zikishuka kutoka kwenye matundu ya misumari; na akizichunguza ataona ajabu, kwamba tundu liwe la mraba au limechanika kama mdomo wa samaki, maadamu ni dogo, nuru ya sakafuni huwa ya duara. Kila duara ni taswira ya jua, na chumba kile, pasipo mwenyewe kujua, kimekuwa kamera. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri, alizipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, akaona kwamba kila taa ina doa lake ukutani, na kila alipoifunika taa moja, doa moja lilitoweka; akathibitisha katika Kitab al-Manazir kwamba nuru husafiri kwa mistari iliyonyooka, na kwamba jicho halirushi miali kuviendea vitu, kama walivyodhani wengi wa wakale, bali hupokea nuru inayotoka kwenye vitu. Mimi napenda kufikiri kwamba angeingia katika nyumba yoyote ya mabati hapa kwetu angeketi sakafuni kwa furaha.

Ikiwa nuru husafiri kwa mistari iliyonyooka, ukali wa kivuli hutegemea upana wa kitu kinachoitoa, kama upana huo unavyoonekana kutoka mahali uso ulipo. Jua, kwa adhama yake yote, likitazamwa kutoka uani kwangu ni dogo: nusu ya nyuzi moja, kiasi ambacho ncha ya kidole cha mwisho hulifunika ukiunyoosha mkono, kwa hiyo miali yake huja kutoka mahali pamoja, na pua ikiizuia, imeizuia yote. Wingu likipita mbele yake, anga nzima hugeuka kuwa taa, na nuru inayokosa njia upande huu wa pua huingia upande wa pili. Dirisha ni anga iliyokatwa kwa kipimo. Ukiketi karibu nalo, mita moja au pungufu, ni taa kubwa kuliko taa yoyote ya studio ya mjini. Ukirudi nyuma hata ukuta wa pili, dirisha lile lile limekuwa dogo na vivuli vyake vimeanza kuwa na makali. Na asiye na dirisha ila la upande wa jua na atundike chandarua cheupe kilichokunjwa mara nne, au shuka jeupe lisilo na maua, na jua likishaligonga shuka, shuka ndilo linakuwa taa. Nasema lisilo na maua kwa sababu nilijaribu lenye maua mekundu, nikatoka na surua.

Hapa ndipo nilipoifikia kesi yenyewe. Kwa kuwa mtu hawezi kuwa nyuma ya kamera na mbele yake kwa wakati mmoja, nilihitaji kitu cha kunishikia nafasi nikiwa natafuta pembe, nikachukua kinu, nikakigeuza juu chini, nikaweka juu yake stuli, na juu ya stuli nikaweka chungu cha kupikia maharage, kipana, cheusi kwa moshi, kikafika kimo cha kichwa changu nikiwa nimeketi. Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka tisa, akasimama mlangoni.

"Babu, shikamoo. Mbona unakipiga picha chungu?"

"Marahaba, mama. Kinanishikia nafasi."

Akakizunguka, akakitazama, akatazama na kichwa changu, akasema kwa heshima kwamba kweli vinafanana.

Chungu kile kilinifundisha kuliko vitabu. Nilikiweka kwanza kikitazama dirisha moja kwa moja, nikaona kimekuwa sahani: duara nyeusi isiyo na unene. Nikakisogeza hata dirisha likawa ubavuni, na hapo hapo ukatokea ukanda mrefu wa mng'ao upande mmoja, ukafuata mviringo wa tumbo lake tangu ukingo hata kitako, na kila kovu la udongo na kila alama ya kidole cha mfinyanzi ikasomeka. Chungu hakikuwa kimepata nuru zaidi. Kilikuwa kimepata nuru mahali pake. Ngozi nyeupe huipokea nuru, huitawanya ndani yake, na kuirudisha kwa wingi, kwa hiyo umbo la uso mweupe husomeka kwa vivuli, na vitabu vyote vimejaa maarifa ya vivuli: wapi vianzie, wapi viishie, na jinsi ya kuiacha pembetatu ndogo ya nuru juu ya shavu la upande wa kiza, ambayo wapiga picha wameipa jina la Rembrandt. Ngozi nyeusi hubaki na sehemu kubwa ya nuru iliyoingia ndani, na katika hilo mpiga picha wangu wa zamani alisema nusu ya kweli. Nusu asiyoisema ni kwamba juu ya ngozi, kama juu ya chungu, ipo nuru ambayo haiingii kabisa, bali hudunda pale pale ilipogonga, na nuru hiyo haipunguzwi na weusi hata chembe. Uso mweusi husomeka kwa mng'ao. Na mng'ao ni taswira ya taa iliyouzaa: taa ikiwa ndogo, kama tochi au jua la adhuhuri, mng'ao huwa nukta kali kwenye paji na ncha ya pua, mithili ya jasho, taa ikiwa pana, mng'ao hulala juu ya mfupa wa shavu, huteremka kwenye taya, huuzunguka mdomo, na uso hupata unene wake wote. Vitabu huagiza poda ili kuuondoa mng'ao. Hapo nami nilikigeuza kitabu juu chini kwa mara ya pili, nikajipaka mafuta ya nazi.

Kwa nini basi studio ya ujana wangu ilishindwa? Kamera za siku zile hazikujua uso ni nini. Kipimo chao kilijumlisha nuru ya fremu nzima na kuikisia kuwa ya wastani, kijivu cha katikati. Shati jeupe na ukuta mweupe vilipoijaza fremu, kipimo kilihukumu kwamba nuru imezidi, kikaipunguza, na uso ndio uliolipa deni la shati. Fundi mwangalifu angeukaribia uso wangu akaupima peke yake. Simu za leo humruhusu mtu afanye hivyo kwa kidole: uguse uso katika kioo cha simu, ushikilie hata kipimo kifungwe, kisha uteremshe au upandishe mwangaza kwa kadiri upendavyo, na jambo hilo dogo, ambalo watu wengi hawalifanyi maishani mwao, linafaa kuliko kununua taa.

Lakini lawama nyingine haikuwa ya fundi. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kuchapishia picha za rangi kadi ya kipimo yenye sura ya mwanamke mweupe; wa kwanza alikuwa mfanyakazi wake aliyeitwa Shirley, na kadi zote zilizofuata, ingawa wanawake walibadilika, ziliitwa kwa jina hilo. Mtambo ulirekebishwa hata Shirley apendeze, nyuso nyingine zikaburutwa nyuma yake kama tela. Wazazi wa watoto weusi wa Marekani walilalamika kwamba katika picha za darasa watoto wao hawaonekani. Lakini waliolalamika wakasikilizwa upesi ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, ambao hawakuweza kuonyesha katika matangazo yao tofauti ya mbao moja na nyingine. Nikilitazama kasha langu la mninga huwa nacheka peke yangu: mbao ilipata wakili kabla yangu. Kadi yenye nyuso za rangi mbalimbali ilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1990. Na ng'ambo ya mto wetu wa Ruvuma, ambao chemchemi yake imo katika milima hii ya Matogoro ninayoiona nikisimama uani, husimuliwa kwamba Mfaransa mwongoza sinema Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alizikataa filamu za Kodak kwa kuziita za kibaguzi. Sijui, lakini najua kwamba wapo mafundi waliopata nyuso nzuri kwa filamu zile zile walizopewa. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwapiga watu uani kwake kwa nuru ya mchana, nyuma yao akitundika shuka la kitanda chake mwenyewe, na nyuso za Wamali katika picha zake za rangi nyeusi na nyeupe zimesimama kama sanamu za mpingo. Unguja nako, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930, iliwapiga masultani na raia kwa vizazi. Hao hawakuilaumu ngozi ya mtu.

Nirudi chumbani. Pembe nilishaipata kwa msaada wa chungu: kiti mita moja kutoka dirishani, bega la kushoto kwenye nuru, uso umegeuka kidogo kuielekea. Kilichobaki, nami nakiona ndicho kigumu kuliko vyote kwa mtu anayepiga picha nyumbani, ni kuzifukuza nuru zisizoalikwa. Ukuta wa chumba kile umepakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi kimo cha kiuno, kama kuta nyingi za zamani, na kijani hicho kilipanda taratibu katika shavu langu la upande wa kiza hata nikaonekana kama mgonjwa wa homa. Tena nje ya dirisha upo uwanja wa udongo mwekundu, udongo wetu wa Songea ambao hupaka soksi za watoto rangi isiyotoka, na jua lilipoupiga, wekundu ulidunda ukaingia kutokea chini, ukanimulika kidevu na matundu ya pua, mahali ambapo hakuna mwanadamu anayependeza akimulikwa. Ukuta niliufunika kwa blanketi la rangi ya majivu. Nusu ya chini ya dirisha niliiziba kwa ubao, ili nuru itoke juu ya usawa wa macho na kuteremka, kama inavyoteremka nuru ya kawaida ya dunia. Kisha, upande wa kiza ulipozidi kuwa kiza, nilichukua kiroba kitupu cha mahindi, kile cheupe cha plastiki iliyofumwa, nikakitundika kwenye mgongo wa kiti cha pili, nusu mita kutoka shavu langu la kulia, nacho kikarudisha nuru kidogo, ya adabu, isiyoshindana na dirisha. Nilikuwa nimejaribu kwanza sinia la bati, nikaliondoa: sinia halirudishi nuru, huirusha. Kiroba kikisogezwa karibu, kiza hulainika. Kikiondolewa, nusu ya uso huzama. Na baina ya hali hizo mbili mtu anaweza kuchagua kama anataka kuonekana babu mpole au mzee wa baraza. Nilichagua katikati, nikainamia upande wa baraza.

Nyuma yangu niliacha mlango wazi wa chumba cha ndani, penye giza. Wengine husema mtu mweusi asiwekwe mbele ya giza kwa kuwa atapotea. Nami nilishika kinyume chake, kwa sababu ukuta mweupe humlazimisha mtazamaji akodoe macho kuutafuta uso, ilhali giza la nyuma humwachia mng'ao kazi yote. Shati jeupe nililiacha kashani lilimo. Nilivaa la buluu iliyokolea.

Nilijaribu na usiku pia, kwa udadisi. Tangu umeme wa gridi ulipotufikia kutoka Makambako, mwishoni mwa miaka ya 2010, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta, balbu imekuwa chombo cha kuaminika zaidi kuliko zamani, na balbu moja inatosha kama mtu anajua kwamba nguvu ya mwanga wake hupungua kwa mraba wa umbali: uso ulio nusu mita kutoka kwenye balbu hupata mwanga mara 16 ya ule wa ukuta ulio mita mbili, kwa hiyo ukuta, hata ukiwa mweupe, hurudi gizani wenyewe. Balbu iliyo darini haifai, huyachimba macho. Niliiteremsha kwa waya hata kando ya uso, nikaiwekea shuka mbele, mbali kidogo nayo isije ikaunguza, na picha haikuwa mbaya, ingawa ilikuwa ya mtu aliyekaa nyumbani usiku, na dada yangu hakuomba hiyo.

Picha aliyoipata ni ya Jumanne moja ya mwezi Julai, saa tisa alasiri. Simu niliitegemeza juu ya debe na vitabu vitatu, lenzi ya nyuma ikinielekea, kwa kuwa ile ya mbele, inayomwonyesha mtu sura yake, humfanya ajitazame badala ya kutazama; nikaugusa uso wa chungu kwenye kioo ili kipimo kifungwe, nikaweka saa ya sekunde kumi, mjukuu akakiondoa chungu, nikaketi. Mara ya kwanza nilifumba macho. Mara ya nne mjukuu alikuwa bado amekumbatia chungu pembeni mwa fremu. Ya saba nilisahau kwamba nangoja, kwa sababu kuku aliingia ghalani kutafuta mahindi, na nilipogeuza macho kidogo kumtazama, kamera ililia. Mng'ao ulikuwa umelala juu ya shavu la kushoto, ukapanda kwenye paji, na juu ya nyusi ukaukata mstari mwembamba wa ngozi iliyoinuka, ambao mimi mwenyewe, ninayenyoa mbele ya kioo kila asubuhi, sikuwa nimeuona kwa miaka mingi.

Niliituma bila kuigusa zaidi. Kwa siku mbili Mbamba Bay ilikuwa kimya, nikaanza kufikiri kwamba afadhali ningevaa kofia. Siku ya tatu dada alipiga simu. Mtoto wa jirani alikuwa ameikuza picha katika kioo cha simu hata ukaonekana uso tu.

"Umezeeka, mdogo wangu," alisema. "Na kovu la mwamba bado lipo."

Nikamwambia kwamba lipo.

"Na bado unawaambia watu kuwa ni mimi niliyekusukuma ziwani?"